Mukono ya kila mutu ku shali ya Rébecca

Siku ya ine, 4 septemba

Cahier hii nilinunua ju ya kuandika commandes za bateja, mais leo niko na maneno mingi kupita commandes, basi acha ikae cahier ya maneno.

Asubui, mvula ikiwa bado inapiga ku mabati, Rébecca alifika na mama yake Adèle. Huyu Rébecca ninamujua toka wakati anavaa bonnet, kofia ya mutoto, nilifuma mimi mwenyewe. Leo ni mwalimu, eti anaolewa! Arusi ni tarehe 29 novemba, ku Beni, kwa bwana wake. Tarehe haiwezi kusogea hata kidogo: kesho yake Avent, wakati ya kungojea Noeli, inaanza, na padiri wa kule alisema mu Avent hatafungisha ndoa ya mutu. Bwana anaitwa Grady. Ni mutu wa Mbandaka, agent wa Serikali, balimutuma kutumika ku Beni miaka ine sasa, na mama yake anaishi naye.

Banataka shali. Nyeupe, ya laine, sufu ya kondoo, kubwa, ishuke mpaka ku magoti. Nikasema sawa. Miaka makumi tatu niko na singano ku mukono hapa Mususa. Kama kuko mutu mu Butembo anafuma kunishinda, aje nimuone.

Njo Adèle akakohoa. "Mama Florentine, kuko kitu kimoja. Ku famille ya bwana wangu, shali ya bibi-arusi haifumwe na mutu moja. Kila mwanamuke wa nyumba anakuja kuweka musitari wake."

"Kuweka nini?"

"Musitari moja. Toka huku mpaka kule. Mukaka njo alianzishaka ile."

Mukaka ni mama ya baba yake Rébecca. Nilitaka kukatala palepale. Moja anakaza, mwingine analegeza, mwishowe shali inakuwa sawa njia ya Mangina wakati ya mvula! Mais Rébecca akanishika mukono: "Mama, Mukaka alisema nisipokuwa na mikono yao ku mabega, hatanibariki. Nitatoka mu nyumba namna gani bila baraka?" Moyo yangu hii ni ya bure kabisa. Niliitika.

Siku ya posho, 6 septemba

Nilienda Kimemi, ku bale banauzaka uzi. Pelotes, madonge ya uzi, kumi na mbili za laine nyeupe, nzito, ya kweli. Muuzaji alitaka kunipa ya nylon. Nilimuangalia tu, akairudisha chini ya meza.

Siku ya kwanza, 8 septemba

Nimeanza. Mailles, vitanzi vya uzi, mia moja na makumi mbili ku singano, nimezihesabu mara mbili. Mvula.

Siku ya Mungu, 14 septemba

Kisha misa, wa kwanza alikuja: Kyakimwa, dada ya baba yake Rébecca. Anauzaka makayabo, samaki ya chumvi, ku soko, na sauti yake inafika mu nyumba mbele yake. Akakaa, akachukua singano, akakaza ule uzi sawa vile anafunga muzigo ya samaki. Singano ikakatala kutoka.

"Mama Kyakimwa, laine si kamba."

"Na mudomo yako si singano, Mama Florentine, mais inachoma!"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Kisha alienda, mimi nikabaki naangalia ule musitari wake umejikunyata katikati ya yangu mizuri. Ilinisumbua hata wakati ya kula.

Siku ya tatu, 17 septemba

Mvula. Misitari makumi mbili.

Siku ya Mungu, 21 septemba

Leo Adèle. Huyu naye analegeza: mu kila maille yake unaweza kupitisha mbegu ya maharagi. Sikusema kitu. Iko mama ya bibi-arusi, na alinileteaka maharagi ya kweli, kilo mbili.

Siku ya Mungu, 28 septemba

Balimuleta Mukaka na moto, pikipiki, chauffeur anaendesha polepole, Rébecca anatembea pembeni na muavuli. Jina lake ni Kanyere, mais hakuna mutu anamuita vile. Anapita miaka makumi nane, na macho yake imefunikwa na weupe. Kufuma alifundishwa na masista akiwa musichana ku Lubero, kule baridi inakulaka vidole.

Aliweka shali ku magoti, akapitisha vidole polepole, musitari kwa musitari.

"Huyu ni Kyakimwa," akasema. "Kuko mutu alikuwa namukasirisha ile siku."

"Ni mimi, Mukaka," nikasema.

"Na huyu ni Adèle. Roho ya pole, toka zamani."

Kisha akaanza musitari wake. Ulikamata saa mbili nzima! Vidole vinatetemeka, anapumzika, anatuambia habari ya masista, anaendelea. Katikati maille moja ikamuponyoka, ikaacha kitundu. Mimi palepale nikatia mukono ju ya kutengeneza.

"Acha," akanipiga ku vidole sawa mutoto. "Pale njo mimi niko."

Balipoenda, nyumba ilinyamaza sana. Niandike kweli: nilibaona wivu. Toka 2018, wakati Ebola ilimuchukua dada yangu Vagheni ku Mangina, hakuna mutu ananiita dada. Ninafumia arusi za batu, ninapiga kigelegele ku arusi za batu, kisha ninarudi kufunga mulango yangu. Bon. Nilale.

Siku ya Mungu, 12 oktoba

Shali imepita nusu. Babinamu batatu ba Rébecca balisha weka misitari yao, kila moja na makosa yake. Mais uzito wake, eh! Ninaiweka ku magoti, ninapata joto, ninasinzia. Njo laine hii!

Siku ya kwanza, 20 oktoba

Mvula na radi. Courant ya umeme hakuna.

Siku ya posho, 25 oktoba

Yesu wangu. Leo niko na haya mpaka ku kucha.

Adèle na Rébecca balikuwa banaenda Beni kuonyesha robe ya arusi kwa mama mukwe. Bakaniambia, "Tuende pamoja, Mama, tuone kama shali inapatana na robe." Njia ilikuwa calme, bila risasi, Mungu asifiwe. Tukashuka, tukashuka, jua inapanda. Nikatoa pull yangu ya baridi. Kidogo, nikatoa kitambaa ya kichwa. Kufika Beni niko najipepea na cahier hii hii, na akili bado haijanifunguka!

Mama yake Grady anaitwa Jeannine. Mama munene, wa kicheko, anasema Lingala mingi na Swahili kidogo. Alitupokea na samaki na chikwangue, mukate ya muhogo. Rébecca akavaa robe, akatoka mbele yetu sawa malaika. Mimi, na kiburi yangu yote, nikafungua kifuko, nikamutupia shali ku mabega.

Dakika moja haikupita. Jasho ikaanza ku kipaji, ikashuka na poudre ya uso, ikafika ku shingo. Rébecca anacheka na meno ju ya kunipendeza, huku anataka kuanguka.

"Nzambe!" Mama Jeannine akasimama. "Oyo bulangeti? Mutoto anagonjwa malaria?"

Grady alikimbilia ku jikoni, tukasikia anacheka na sufuria. Adèle aliangalia chini. Mimi nilimutoa Rébecca shali ku mabega, nikaikunja mbio.

Batu ba Butembo! Kuanza Mukaka mpaka mimi, banamuke wazima, hakuna hata moja aliwaza kama ku Beni kuko jua. Sisi kwetu ni baridi, basi tukafikiri arusi yote ya dunia inafanyika mu baridi. Na fundi alikuwa nani? Ni mimi.

Siku ya kwanza, 27 oktoba

Nimefumua. Yote. Ilitoka vrrr, kazi ya mwezi moja na nusu, nusu saa tu. Musitari wa Kyakimwa ulikatala kutoka mpaka nikauvuta na meno. Nilinunua uzi ya coton, pamba, ku Kimemi, nyembamba, na singano ndogo.

Rébecca nilimuambia nitapunguza uzito, akasema aksanti Mama. Sikumuambia kama misitari yao imekwenda. Kubaita tena? Siku zimebaki makumi tatu na tatu. Na sababu cahier hii haina mudomo, niandike ingine: nilifurahi. Hakuna mutu wa kukaza, hakuna wa kulegeza. Sasa ni mukono yangu peke. Bakiona uzuri wake, batanyamaza.

Siku ya posho, 1 novemba

Watakatifu Wote. Nilifuma kisha misa, Mungu anisamehe.

Siku ya Mungu, 9 novemba

Mikono yangu haijafanya kazi sawa hii toka nizaliwe. Nilifuma sura ya majani ya kahawa, moja ju ya ingine, na matundu-matundu katikati ju ya hewa ipite. Ukipuliza inaruka. Ninaamuka usiku kuiangalia, mimi mwanamuke wa miaka makumi tano na nane.

Siku ya Mungu, 16 novemba

Nilipeleka shali kwao ku Kimemi. Famille yote ilikuwa mu salon. Nikaifungua polepole, sawa padiri.

Kelele gani! Adèle alilia. Rébecca alizunguka na shali mara tatu, ikamufuata, ikatulia. Kyakimwa akapiga kigelegele mpaka majirani bakaingia kuuliza kama ni leo arusi. Baba yake Rébecca, Papa Lusenge, mutu wa kunyamaza, akanipa mukono na mikono mbili. Nilikunywa ile sifa yote, sikuacha tone.

"Muniletee niione," Mukaka akasema toka ku kiti yake.

Rébecca akapiga magoti mbele yake. Vidole vikaanza huku ku kona. Vikaenda, vikaenda. Vikarudi.

"Florentine," akasema. Hakusema Mama Florentine. "Kyakimwa iko wapi?"

"Mukaka, ile laine ilikuwa nzito, ku Beni…"

"Adèle iko wapi? Mimi niko wapi?"

Nikaanza kueleza: joto, jasho, siku chache. Maneno yangu yote ilikuwa ya kweli, na yote ilianguka chini. Mukaka alikunja shali vizuri, akaiweka ku mikono ya Rébecca.

"Ni nzuri," akasema. "Nimegusa shali mingi, hii inazipita. Mais ni ya mutu moja. Mutoto wangu akiolewa mbali, kwa batu sijui luga yao, nilitaka aende na sisi wote ku mabega. Na hii anaenda peke. Mimi Beni siendi."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, ningejibu.

Siku ya kwanza, 17 novemba

Kyakimwa alikuja asubui sana. Hakukaa.

"Ulifumua mama yangu, Florentine. Saa mbili za vidole vyake! Na hukusema."

"Nilikuwa na siku…"

"Ulikuwa na kiburi. Kidole moja haivunje chawa, hata kidole ya fundi."

Nilitaka kumujibu ju ya ile musitari yake ya makayabo. Mbele nifungue mudomo, Rébecca aliingia nyuma yake, macho imevimba. Akaniambia polepole: "Mama, mimi sikukasirika. Ungeniambia tu. Mimi mwenyewe ningebakusanya, hata usiku." Akakaa ku kiti yangu ya kufumia, akalia sawa mutoto mudogo, mwalimu muzima.

Ile iliniuma kupita matusi. Kyakimwa alisema kweli. Mukaka akibaki, Rébecca anatoka mu nyumba bila baraka, na mimi njo nilifunga ule mulango.

Siku ya pili, 18 novemba

Sikulala. Asubui nilifungua kabati kutafuta chumvi, na pelotes za laine zikanianguka ku miguu. Ile laine ya kwanza. Nilikuwa nimeiweka ju ya kufuma bonnets za batoto. Nikaokota moja. Uzi bado umejikunja-kunja, kila mahali maille ilikuwa inakaa.

Nilisimama na ile pelote mpaka sombe ikaungua ku moto. Pindo! Chini ya shali, ku ukingo moja, naweza kuweka pindo ya laine, nyembamba, vidole vitatu tu. Shali inabaki nyepesi. Na kila mutu anapata musitari.

Siku ya tatu, 19 novemba

Nilienda kwa Mukaka peke yangu. Nikapiga magoti, na magoti yangu si ya jana.

"Mukaka, nilikosa. Joto ya Beni ilikuwa kweli. Mais kunyamaza ilikuwa kiburi. Nisamehe."

Nikamuwekea pelote ku mukono. Akaigeuza, akavuta uzi kidogo, akaupitisha kati ya vidole viwili.

"Ni ile?"

"Ni ile ile. Sikuiosha."

Kisha akacheka na meno yake mbili. "Huyu Kyakimwa, hata kumufumua, uzi bado unajikaza. Leta singano."

Saa mbili na nusu leo. Nilimushikia pelote, sikutia mukono hata mara moja. Katikati, maille moja ikaponyoka. Sisi wote wawili tulisikia. Mukaka akaendelea tu.

Siku ya tano, 21 novemba

Kyakimwa. Alikuja na makayabo imefungwa mu gazeti, ya kupatana, mais uso bado mugumu. Akaanza kufuma na akili, analegeza, anajilazimisha. Nikamuambia, "Kaza tu, Mama. Usipokaza, Mukaka hatakujua." Akaniangalia. Kicheko ikatutoka sisi wawili, mpaka pelote ikakimbia chini ya kitanda, tukaitafuta na ufagio.

Siku ya Mungu, 23 novemba

Adèle na babinamu batatu, bote siku moja. Nyumba yangu haijajaa hivi toka niiingie. Balikula sombe yote.

Siku ya tatu, 26 novemba

Pindo imefika karibu ku mwisho. Nikaipeleka kwa Mukaka asikie. Akapitisha vidole, anaita majina, kila moja ku mahali yake. Kisha akasimamisha kidole.

"Na wewe?"

"Mimi, Mukaka? Shali yote ni mimi."

"Ile yote ulifanya ju ya kazi, na ju ya kusifiwa. Nasema uongo?"

"Hapana."

"Sasa weka moja ju ya mutoto."

Nilichukua singano. Miaka makumi tatu, bale nilifundisha kufuma banajua: Mama Florentine hapana angushaka maille. Musitari moja tu, ya mailles mia na makumi mbili, ninaweza kuifanya na macho yamefungwa. Mais katikati Vagheni alinikuja ku kichwa, vile tulikuwa tunafuma pamoja ku mulango, kule Mangina. Macho ikajaa. Nilipopangusa, kitundu ilikuwa pale, nyuma, na musitari ulikuwa umeisha.

Nikataka kufumua. Mukaka alikuwa amesikia pumzi yangu. "Acha," akasema.

Niliacha.

Siku ya tano, 28 novemba

Beni. Mukaka alikaa mbele mu voiture, karibu na chauffeur, na pull mbili. Jua inachoma, tunamuomba atoe hata moja. "Mimi ni mutu wa Lubero," akajibu, basi tukafungua vioo vyote.

Kulibaki musitari moja wa mwisho. Mukaka alisema ni ya mama ya Grady. Mama Jeannine hajashikaka singano hata siku moja! Kyakimwa akakaa nyuma yake, akamushika mikono mbili, sauti ku sikio: "Ingiza! Zungusha! Vuta! Hapana vile, Mama, si kupika!" Moja Lingala, moja Swahili, jasho inabatoka, banacheka, banagombana, banacheka. Ilipoisha, Mama Jeannine aliinua ile pindo ju akapiga kelele, "Ezali kitoko! Ni nzuri! Ni mimi nilifanya!" Grady alitaka kucheka tena. Mama yake akamutupia pelote.

Siku ya posho, 29 novemba

Balioana. Mvula ilinyesha asubui kidogo, kisha jua ikatoka. Rébecca alivaa shali misa yote, hakutoka jasho hata tone. Niliangalia sana, hata wakati ya injili.

Ku salle ya karamu, mbele ya chakula, alikuja kupiga magoti kwa Mukaka. Banamuke ba famille balikuwa bamekaa pembeni ya Mukaka mu viti ya mbele. Mimi nilisimama ku mulango, pembeni ya bale banaleta sahani, pale nasimamaka ku kila arusi.

Mukaka akakamata pindo. Akaita kwa sauti, salle yote inasikiliza: "Huyu ni mimi. Huyu ni Kyakimwa, anakaza." Batu bakacheka. "Huyu ni Adèle." Akataja babinamu batatu. Akaruka mahali moja, akaenda ku mwisho: "Na huyu, Mungu wangu, ni mukwe wetu!" Mama Jeannine akapiga kigelegele ya Mbandaka.

Kisha vidole vikarudi nyuma, ku ile mahali aliruka. Vikatafuta, vikakuta kitundu. Vikakaa pale.

"Na huyu? Huyu ni nani, alikosa sawa mimi?"

Salle ikageuka. Nilitoka ku mulango. "Ni mimi, Mukaka. Florentine."

"Nakujua. Nilitaka useme wewe mwenyewe." Akaweka mukono ku kichwa ya Rébecca, akamubariki na Kinande, luga yetu, polepole, bila kuacha neno. Kisha akapiga na mukono ku kiti ilikuwa wazi pembeni ya Kyakimwa.

"Unasimama ku mulango ju ya nini?" akaniuliza. "Kuja ukae na batu bako."